Mota ya Dakika Arobaini

Bobini alikuwa anaonyesha jinsi ya kutoa kipande cha sindano kilichovunjikia ndani ya cherehani, kichwa cha mashine kimelazwa ubavu na bisibisi mkononi, aliponyamaza. Wifi yake, aliyeshika simu ya kurekodia, alisubiri. Alidhani neno limempotea. 

"Endelea," wifi akanong'ona. "Ulifika kwenye koleo ndogo."

"Zima."

"Tukizima hapa tutaanza upya, wifi. Na mwanga unaondoka."

"Zima simu. Nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Video. Hii na nyingine zote."

Wifi alizima, akaiweka simu juu ya rundo la vitambaa, akakaa kwenye kiti cha wateja. Miaka mitatu walikuwa wakifanya kazi hiyo pamoja katika chumba hicho cha kupanga, chenye cherehani tatu na meza moja ya kukatia. Bobini alishona nguo za watu, na katikati ya kushona akawafundisha mafundi wa mbali, wasiomjua kwa sura ila kwa simu, namna ya kutengeneza mashine zao wenyewe. Wifi alikata vipande vya video, akavipanga, akaandika maneno ya chini. Watu laki mbili waliwafuata. Jina la Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, walimpa hao watazamaji, likahama mtandaoni likaingia mtaani, mpaka mumewe naye akaanza kulitumia.

"Ni yule aliyeandika upake poda kwanza ndipo ushike bisibisi?" wifi akauliza.

"Huyo alinichekesha."

"Au yule aliyeiba video yetu akaweka sauti yake?"

"Huyo nilimlilia siku moja, nikamaliza." Bobini aliifuta bisibisi kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayeirudisha kwa mwenyewe. "Jana nilikwenda kikao cha wazazi. Wanachangisha madawati. Mwenyekiti akasimama akasema, 'Tunao nyota wa mtandao humu ndani, tuanze na yeye, wengine tujipime kwake.' Ukumbi mzima ukageuka. Nikafungua pochi. Mlikuwa na nauli ya kurudi nyumbani. Nikaitoa yote, mbele yao. Mwenyekiti akaitazama, akaikunja, akasema, 'Haya, matajiri ndivyo walivyo.' Watu wakacheka. Nikarudi kwa miguu."

Wifi hakucheka.

"Njiani nilikuwa nawaza Jumatano," Bobini akaendelea. "Siwazi mwanangu atakalia nini darasani. Nawaza kesho kutwa ni Jumatano na sina video. Nikaona huu sasa ni ugonjwa."

Wifi alivuta uzi uliokuwa umening'inia kwenye gauni la mteja, akauzungusha kidoleni. Alikuwa na habari yake aliyoibeba tangu asubuhi, na sasa hakuona tena saa nzuri ya kuisema.

"Mimi nimepata kazi, wifi. Duka la dawa, kaunta. Naanza tarehe mosi."

Bobini akatikisa kichwa taratibu. "Wanalipa?"

"Wanalipa."

"Basi nenda," akasema, na akainama kuinua kichwa cha mashine ili wifi asimwone uso.

*

Mumewe alirudi nyumbani alasiri. Alikuwa dereva wa boza la maji, mtu mpole asiyependa maneno, na kwa kawaida akiingia hunawa kwanza ndipo husalimia. Siku hiyo alisalimia kabla hata ya kuvua viatu. Kwapani alikuwa na boksi jeupe.

"Mama watoto, kaa kidogo."

Bobini alilitambua boksi. Lilikuwa na picha ya mota ya cherehani, ile inayofungwa pembeni ya mashine ya miguu ili iende kwa umeme. Kampuni iliyoileta ilikuwa imempigia mara tatu ikitaka aisifu kwenye video. Mara zote aliwajibu kwamba ataipima kwanza.

"Umelitoa wapi?"

"Jana ulipokuwa shuleni yule afisa mauzo alifika pale kwenye chumba chako cha kazi. Nilikuwa nimepita kukuangalia. Akaniachia mota na malipo ya mwanzo."

"Ukapokea?"

"Nikapokea kwa niaba yako. Nikatia saini."

"Pesa ziko wapi?"

Mumewe alijifuta uso kwa kiganja. "Mwenye nyumba alikuwa amekaa pale pale kwenye ngazi. Ameshapata mtu wa kuuza simu anayekitaka chumba chako. Nikamlipa miezi sita." Kisha akaongeza, "Sikununua hata soda, mke wangu. Zote nimeziweka kwenye kazi yako."

Hapo ndipo Bobini alipokosa pa kushika. Angezinywea pombe angejua la kumfanya. Lakini mtu amekulipia chumba cha kazi unayotaka kuiacha, kwa fedha ya sifa ambazo hujazitoa. Utamgombeza uanzie wapi?

"Nimeacha video," akasema.

"Lini?"

"Leo."

Mumewe alikaa kitako, boksi mapajani. "Utaacha baada ya hii moja," akasema kwa sauti ya chini. "Dakika kumi tu. Hata iwe ya mwisho."

*

Asubuhi ya Jumatano Bobini aliifunga mota kwenye cherehani yake ya kazi, akatia kitambaa kigumu cha sare, akaanza kupinda. Mwanzoni ilimfurahisha. Ilikuwa kimya, ilikimbia, mguu ulipumzika. Akawaza kwamba huenda ndiyo riziki yenyewe imekuja, na yeye anaitilia shaka kwa mazoea. Alimaliza suruali sita bila kusimama. Kwenye ya saba akasikia harufu.

Haikuwa harufu ya mafuta. Aliijua harufu ya mafuta. Hii ilikuwa ya plastiki, kama ya soketi inayotaka kuungua. Aliitazama saa ya ukutani: dakika thelathini na tano. Akaendelea, mdomo ameuma. Kwenye dakika ya arobaini aliweka kidole kwenye gamba la mota, na gamba likabonyea kama sabuni iliyolala majini. Akachomoa waya. Kidole kilikuwa kimetoka lengelenge.

Akampigia afisa mauzo.

"Dada Bobini, nilikuwa nakuwaza wewe sasa hivi," yule kijana akasema. Alikuwa na sauti safi, ya mtu aliyefundishwa kutabasamu kwa simu. "Video inatoka leo?"

"Mota yenu inayeyuka."

"Inayeyuka vipi?"

"Dakika arobaini, inayeyuka."

"Dada, nani anashona dakika arobaini mfululizo?"

"Wewe hujawahi kushona sare wiki ya mwisho ya likizo," Bobini akasema. "Watu wanashona saa kumi mfululizo. Wanakula mkono mmoja uko kwenye kitambaa."

Kijana alipojibu, sauti ilikuwa imevua tabasamu, na kwa kweli ilikuwa sauti nzuri zaidi. "Dada yangu, na mimi nina mabosi. Tufanye hivi. Sema ni kwa matumizi ya nyumbani. Neno moja tu, 'nyumbani'. Hapo hujadanganya. Wewe umepata, mimi nimepata. Ila nahitaji jibu kesho saa sita mchana, la sivyo malipo ya mwanzo yarudi. Mkataba unasema hivyo, na mzee alisaini."

Neno moja. Siku nzima Bobini alilizungusha hilo neno mdomoni. Alijaribu hata kulisema kwa sauti, peke yake mbele ya mashine: "Kwa matumizi ya nyumbani." Lilitoka laini kabisa. Tatizo lilikuwa kwamba waliokuwa wakimtazama hawakuwa na mashine za nyumbani. Mashine zao zilikuwa vibarazani, kwenye vibanda vya mbao, katikati ya vitambaa vya watu na karatasi za kukatia. Wangesikia "Bobini kasema nzuri", basi. Hilo neno la nyumbani lingepita kama upepo.

Jumatano hiyo haikutoka video.

*

"Kwa hiyo utarudisha," mumewe alisema mezani.

"Nitarudisha."

"Kwa kipi?"

Watoto wao wawili walikuwa wanakula, macho kwenye sahani, wakijua hali ya hewa imebadilika. Wifi alikuwa anagawa mboga.

"Watu laki mbili," mumewe akasema. "Yupi kati yao amewahi kukuletea hata kilo moja ya sukari? Mimi nazunguka na boza alfajiri mpaka jua linazama, mtu ananiita kioski chenye matairi, sijali. Wewe unatukanwa bure. Leo kuna mmoja anataka kulipa, unamwambia mota yake inanuka."

"Ingekuwa maji," Bobini akasema, "ukaambiwa haya ni machafu lakini wauzie wa kufulia tu. Ungeyapeleka?"

"Maji ni maji."

"Na moto ni moto, baba watoto."

Mumewe aliweka kijiko chini. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Nimechoka kuwa mume wa mtu maarufu anayekopa chumvi," akasema, akaondoka mezani chakula kikiwa nusu.

Wifi alikusanya sahani. Walipobaki wawili, alikausha mikono kwenye khanga na kumsogelea Bobini.

"Usikasirike. Kuna kitu nilikuwa sijakwambia vizuri. Unakumbuka ile fomu tuliyojaza miezi minne iliyopita? Ule mfuko unaofadhili watu wanaofundisha mtandaoni?"

"Fomu ya maswali arobaini. Nilisinzia kwenye la ishirini."

"Mimi nilimalizia. Wamejibu. Wanataka kuongea na wewe kesho saa tatu asubuhi, kwa simu, kwa picha."

"Nishaacha, wifi."

"Basi waambie hivyo hivyo umeacha," wifi akasema. "Lakini waambie kwa nini."

*

Saa tatu asubuhi Bobini alikaa mbele ya simu akiwa amevaa gauni lake la kwendea harusi za watu. Wifi alisimama nyuma ya simu, ameifunga kwa mpira kwenye kopo la uzi. Kwenye kioo alitokea mama wa makamo mwenye miwani, nyuma yake rafu ya faili.

Alianza kwa upole: chaneli ina umri gani, nani anatazama, kutoka wapi. Bobini alijibu kama mtu aliye polisi. Kisha yule mama akavua miwani.

"Kila mwezi tunapokea barua za watu wa kazi yako waliokuwa wazuri sana, na wameacha. Wewe mwenyewe ni fundi. Unadhani kinachoharibika ni nini?"

Wifi alimkazia macho. Walikuwa wamefanya mazoezi: aseme vifaa, aseme kukuza chaneli.

"Jumatano," Bobini akasema.

"Jumatano?"

"Tunatoa video Jumatano. Ukiruka moja, mtandao unakuficha. Ukiruka mbili, unaanza kama mgeni. Mwanangu wa pili nilimzaa Jumatatu. Jumatano nilitoa video. Nilikaa upande mmoja kwa sababu ya nyuzi za hospitali, na chini watu wakaandika kwamba leo nimenenepa." Alikohoa kidogo. "Kushona kuna msimu. Hata mashine unaizima ipoe. Hii kazi haina mahali pa kuzimia. Wanaoacha hawakuishiwa maneno, mama. Wameungua."

Mama wa mfuko hakuandika. "Tukikupa fedha utanunua kamera?"

"Hapana. Simu inatosha."

"Utafanyia nini?"

Wifi alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu: sema kamera. Bobini akamwangalia, kisha akarudisha macho kwenye kioo.

"Ningemlipa wifi yangu. Ni mdogo wa mume wangu. Miaka mitatu anakata na kupanga video zote hizo. Malipo yake ni chakula na magauni yangu yaliyonibana. Watu wanasema 'Bobini, Bobini', na nusu ya Bobini ni yeye. Anaondoka tarehe mosi, amepata kazi, simlaumu. Ningemlipa hata akishaondoka, kwa ajili ya yale ya nyuma."

Picha kwenye simu ilicheza kidogo. Wifi alikuwa ameegemea meza.

"Na kitu kingine?"

"Ningelala mchana siku moja. Sijui kama mnafadhili hilo."

Yule mama alivaa miwani yake. Alisema bodi itakaa, majibu huchukua wiki mbili au tatu, na kwamba hawezi kuahidi lolote. Akauliza jambo la mwisho: alikuwa na makubaliano yoyote na kampuni ya vifaa? Mfuko haukukataza matangazo, ila ulitaka kujua.

"Nitakuwa na jibu la hilo saa sita mchana," Bobini akasema.

Simu ilipokatika, wifi alikuwa bado amegeukia ukuta. "Umevaa nguo za harusi ukaenda kuomba pesa za kulala," akasema, akipenga kamasi. "Kweli kaka yangu ameoa."

*

Saa sita kasorobo alimpigia kijana wa mauzo akamwambia hapana. Hakuwa na wiki mbili za kusubiri bodi ya mtu, wala hakuwa na uhakika nayo; alichokuwa nacho ni robo saa na lengelenge kidoleni. Kijana hakubishana. Alishusha pumzi, akasema, "Nilijua, dada," na akampa siku tatu za kurudisha.

Siku ya pili Bobini aliuza mashine ya kudarizi.

Ndiyo iliyokuwa na thamani kati ya zile tatu, na ndiyo iliyomletea kazi za mashuka na shela za maharusi. Mnunuzi, fundi mwanamume wa barabara ya pili, aliizunguka mara tatu, akaijaribu, akasema inapiga kelele. Haikuwa inapiga kelele. Alitaja bei ya mtu anayemwona mwenzake amekwama, kisha akauliza kama angeweza kupiga naye picha, mke wake ni mtazamaji wa Bobini. Bobini akasimama kando ya mashine, akapigwa picha.

Jioni, jua bado liko juu ya paa, mumewe aliikuta nafasi tupu pale dirishani mwa chumba cha kazi. Alama nne za miguu ya mashine zilikuwa zimebaki sakafuni, zimechimbika kwenye saruji.

"Umeiuza."

"Nimeiuza. Wamerudishiwa pesa, stakabadhi iko mezani. Chumba kimebaki chetu miezi sita. Hicho ulikifanya wewe."

Mumewe alisimama akizitazama zile alama.  Akachukua mota kwenye boksi, akaibonyeza lile gamba lililoyeyuka kwa dole gumba. Akaibonyeza tena.

"Hii ingekuwa kwenye nguo za mtu," akasema.

"Ndiyo."

Akairudisha kwenye boksi. Wiki hiyo waliongea ya chumvi na ya ada, basi. Alikuwa anaondoka na boza mapema zaidi na kurudi amechoka zaidi, na Bobini alishona kwenye mashine mbili zilizobaki, bila kurekodi. Jumatano ikapita. Ya pili ikapita. Watazamaji wakaanza kupungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wengine waliandika: ameshatajirika huyo, hatuhitaji tena. Tarehe mosi wifi alivaa koti jeupe akaenda dukani kwake.

*

Ujumbe wa mfuko ulikuja siku ya ishirini na tatu tangu mahojiano, Bobini akiwa anapima kiuno cha mteja. Aliusoma amesimama, utepe wa kupimia shingoni, mpaka mteja akauliza kama anaweza kuachia pumzi.

Walikubali, lakini pungufu ya walichoomba. Mwaka mmoja, kiasi fulani kila mwezi, na sharti lililoandikwa kwa herufi nene: video mbili tu kwa mwezi, na wiki moja ya kila mwezi asifanye kazi ya mtandao wala ya kushona. Mtandao ukimficha, umfiche. Wao watahesabu waliojifunza, si waliotazama. Hakulia. Alimaliza kupima kiuno, akaandika namba, akafunga mlango, akaenda duka la dawa.

Kulikuwa na foleni. Alipanga foleni. Mbele yake mzee alikuwa anauliza dawa ya goti kwa kirefu, na wifi akimjibu kwa heshima ambayo nyumbani hakuwahi kuionyesha.

"Anayefuata. Karibu mama, nikusaidie nini?" Akainua macho. "Wifi. Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nimekuja kukuajiri."

"Niko kazini."

"Naona. Mfuko wamekubali. Video mbili kwa mwezi. Nitakulipa." Akataja kiasi.

Waliokuwa nyuma walianza kukohoa. Wifi aliegemea kaunta, akashusha sauti. "Hapa wananilipa zaidi ya hicho."

"Najua. Sikwambii uache hapa. Siku zako mbili za mapumziko."

"Na chakula?"

"Chakula utajinunulia, una mishahara miwili."

"Na jina langu liandikwe mwishoni. Kubwa."

"Litaandikwa."

"Na ile miaka mitatu?"

"Kidogo kidogo," Bobini akasema. "Kila mwezi, mpaka iishe."

Wifi alichomoa kikopo cha marhamu ya kupaka, akakigonga kaunta. "Nunua kitu basi, bosi ananiangalia," akasema, macho yakimng'aa. "Usije ukanifukuzisha kazi moja kabla sijaanza ya pili."

*

Mumewe aliambiwa jioni hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mwaka ukiisha itakuwaje, Bobini akasema hajui. Mwezi ule video mbili zilitoka. Ya kwanza ilikuwa ya mota: namna ya kuijua mota isiyofaa kwa kazi ya siku nzima, bila kutaja kampuni yoyote. Ilitazamwa na watu wachache kuliko zile za zamani. Chini yake fundi mmoja aliandika kwamba ameizima yake na kuichomoa, asante. Kisha ikaja wiki ya mapumziko.

Siku ya kwanza Bobini alifagia mahali palipokuwa pamefagiwa. Siku ya pili alipanga nyuzi kwa rangi, wifi akampigia kutoka dukani kumwambia kwamba hiyo pia ni kazi. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, boza likiwa limeharibika pampu, mumewe alirudi nyumbani mapema bila kutarajiwa, akamkuta amelala juu ya kitanda, mchana kweupe, mdomo wazi, mkono umening'inia.

Alivua viatu nje. Akaingia kwa vidole, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, akawa anatazama nje ili asimtazame yeye.

Akaja mteja mmoja, mama mwenye kitambaa kwenye mfuko, aliyekuta chumba cha kazi kimefungwa, akabisha hodi kwa sauti ya sokoni. Mume akanyanyuka upesi, akatokeza kichwa.

"Shemeji, Bobini yupo?"

"Yupo, yuko kazini."

Yule mama akachungulia juu ya bega lake. "Mbona sisikii mashine?"

"Ndiyo kazi yenyewe wiki hii," akasema. "Amelala. Pita Jumatatu."

Akavuta pazia.